Ubovu wa umeme unaokuja na kupotea kwenye gari kuukuu: namna ya kuukamata na ngozi

Saa nane mchana, foleni ya Ubungo jijini Dar es Salaam, Corolla yangu ya 1997 ikazima bila hata kukohoa. Taa za dashibodi zinawaka, stata inazungusha kwa nguvu, injini haishiki. Vijana wa pale wakanisaidia kuisukuma pembeni. Nikakaa kivulini dakika 20, nikarudi, nikapiga stata mara moja, ikashika kana kwamba hakuna kilichotokea. Ilinifanyia hivyo kwa miezi minne, na kila nilipoifikisha gereji ilikuwa nzima. Fundi anaizungusha mtaa mzima, anarudi ananiambia, "Bosi, hii gari haina tatizo."

Katika miezi hiyo nilinunua pampu ya mafuta, koili (inayozalisha umeme wa cheche) na seti ya waya za plagi. Vilivyotolewa vyote vilikuwa vizima. Ubovu ulikuwa kwenye kiungo cha waya kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na nitaufikia mbele kidogo.

Ubovu wa namna hii ni kama homa ya vipindi: ukifika zahanati imeshashuka, daktari anakuona mzima. Kwa hiyo kazi yako ni mbili tu. Kwanza ujue homa inapanda lini, pili uipandishe makusudi huku kipimo kimeshategwa. Usinunue spea yoyote kabla ya hapo. Ninayoyaeleza nimeyajaribu zaidi kwenye Toyota, Nissan na Honda za miaka ya 1990, maana ndizo zilizojaa barabarani kwetu.

## Anza na daftari

Weka kijidaftari na kalamu kwenye droo ya dashibodi. Kila gari likileta vituko, andika papo hapo, usingoje ufike nyumbani: saa ngapi, injini ilikuwa ya moto au ya baridi, mvua au jua, umepita shimo au umesimama, kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi, taa zilikuwa zinawaka, mafuta yalikuwa kiasi gani. Halafu andika jambo ambalo watu wengi hulisahau, nalo ndilo lenye thamani kuliko yote: nini kilikufa pamoja, na nini kilibaki hai.

Vitu viwili vikifa kwa pamoja, tafuta mahali wanapogawana njia. Waipa na indiketa zikikata kwa mpigo, huenda zinalishwa na fyuzi moja. Taa zote zikififia na redio ikajizima, nenda kwenye betri na nyaya kubwa. Ukikanyaga breki na taa ndogo ya upande uleule ikaanza kuwaka kidogo, au indiketa ikamulika pamoja na taa ya breki, hapo umeme umekosa njia ya kurudi, yaani ethi imeoza, na sasa unapita kwenye balbu ya jirani ili kufika bodini.

Baada ya matukio matano au sita, mpangilio utajitokeza. Gari linalokata likiwa la moto na kurudi likipoa hukuelekeza kwenye lehemu iliyopasuka ndani ya rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), koili, kifaa cha kuamuru koili (mafundi huita ignita) au sensa ya mzunguko wa injini. Linalosumbua siku ya mvua au baada ya kuoshwa, angalia kofia ya disitributa (inayogawa cheche kwenye plagi), waya za plagi na soketi zilizopoteza mpira wake wa kuzuia maji. Linaloitikia mashimo lina kitu kilicholegea: kichwa cha betri, fyuzi, waya uliokatikia ndani ya ganda lake. Linalobadilika ukinyanyua usukani au ukigusa ufunguo, tazama swichi ya ufunguo na nyaya zilizo chini ya usukani.

Daftari langu lilisema: daima mchana, daima baada ya dakika 40 au zaidi barabarani, mara mbili kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Taa zinabaki, stata inabaki, injini inazima. Kwa mistari hiyo tu betri, stata na nyaya kubwa zilishatoka kwenye orodha. Kilichobaki ni mafuta au cheche.

## Vifaa, na tahadhari zisizo na mjadala

Multimita ya bei nafuu inatosha, mradi iwe na tundu la ampea 10. Nunua pia au tengeneza testa ya balbu: balbu ya wati 5 yenye waya mbili na vibanio, na nyingine ya wati 21, ile ya taa ya breki. Ongeza mita nne au tano za waya mwembamba, msasa laini, dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti, chuma cha kupigia lehemu, mashine ya kukaushia nywele, na chupa ya kupulizia maji. Mchoro wa nyaya za gari lako ukiupata, uchapishe. Kwenye michoro ya Toyota herufi ya kwanza ni rangi ya waya na ya pili ni mstari wake, na waya wa W-B, mweupe wenye mstari mweusi, ni ethi. Kulijua hilo moja tu kutakuokolea saa nyingi.

Vua pete na saa ya chuma. Ukitoa betri, anza na hasi, na ukirudisha hasi iwe ya mwisho. Soketi za manjano chini ya usukani na dashibodi ni za mifuko ya hewa: usizipime, usizichokonoe. Testa ya balbu usiiguse kwenye nyaya za kontroli boksi (kompyuta ya injini), maana balbu inavuta mkondo ambao kifaa kile hakikuumbwa kuutoa. Huko tumia mita peke yake. Na ile tabia ya zamani ya kuchomoa kichwa cha betri injini ikinguruma ili "kupima altaneta" (kifaa kinachochaji betri), iache kabisa. Volti hupaa ghafla na kuua diodi za altaneta, au kontroli boksi yenyewe.

## Hatua ya kwanza: betri, vichwa vyake na ethi

Hata kama unaamini ubovu uko kwingine, anzia hapa. Pima betri asubuhi kabla ya kuwasha: 12.6 imejaa, 12.2 imebaki nusu, chini ya 12.0 iko hoi. Injini ikiwaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Ukipiga stata isishuke chini ya 9.6 hivi. Kisha geuza mita kwenye volti za AC injini ikiwaka na taa kubwa zikiwaka. Ukipata zaidi ya 0.5, kuna diodi ya altaneta inayovujisha, na diodi hiyo inaweza kuleta vituko ambavyo hungevihusisha nayo, kuanzia redio inayolia mpaka injini inayomisi.

Baada ya hapo zungusha vichwa vya betri kwa mkono. Kikizunguka bila spana, umeshapata kosa la kwanza.

Sasa ethi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapodanganywa na mita. Chukua taa kubwa ya wati 55. Ikiwa ya moto ukinzani wake ni kama omu 2.6, nayo huvuta ampea 4.6 hivi. Weka kutu yenye nusu omu kwenye ethi yake. Mkondo unashuka hadi 3.9, na karibu volti 2 zinabaki kwenye kutu badala ya kufika kwenye taa. Nusu omu hiyo, ukiipima kwa multimita ya bei nafuu, inapotea kabisa, kwa kuwa waya za mita yenyewe zina kiasi karibu na hicho. Vilevile waya wenye nyuzi 20, ukikatika 19, mita itakuambia ni mzima: omu sifuri, volti 12 kamili. Uzi mmoja unatosha kuipeleka mita volti zake, lakini hautoshi kuwasha taa.

Kwa hiyo usipime waya uliolala. Upime ukiwa na mzigo, na upime volti zinazopotea njiani. Washa taa. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri, ile risasi, si kwenye kichwa kilichoibana. Ncha nyekundu iweke kwenye waya wa ethi nyuma ya taa. Ukisoma 0.1 au chini, ethi ni safi. Ukisoma 0.2 anza kutilia shaka. Ukisoma 1 au 2, mwizi yuko kati ya ncha zako mbili. Sasa mfuate: rudisha ncha nyekundu nyuma hatua moja moja, kwenye bolti ya bodi, kwenye waya unaotoka bodini, kwenye kichwa cha betri. Pale tarakimu inapoanguka ghafla, umepita juu ya ubovu.

Kwa stata fanya vivyo hivyo mwenzako akizungusha ufunguo, cheche zikiwa zimekatwa ili injini isishike. Kati ya nguzo hasi na bloku ya injini isizidi 0.3 hivi, kati ya nguzo chanya na bolti kubwa ya stata isizidi 0.5.

Ethi zenyewe ziko wapi? Waya wa betri kwenda bodini na kwenye giaboksi. Mkanda wa waya uliosukwa kati ya injini na bodi. Vichwa vidogo vilivyofungwa kwenye inteki (njia ya hewa kuingia kwenye injini), ambavyo ndivyo njia ya kurudia ya kontroli boksi, na vikilegea utafukuza sensa ambazo hazina kosa. Bolti chini ya dashibodi kushoto na kulia, karibu na miguu. Na ndani ya buti, jirani na taa za nyuma.

Gari likishanyooshwa na kupigwa rangi upya, ongeza shaka mara mbili, maana nimekuta bolti za ethi zimefungwa juu ya rangi mpya inayong'aa. Na kwa sisi wa pwani, iwe Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, hewa ya chumvi huingia ndani ya ganda la waya: kwa nje unaonekana mzuri, ukimenya sentimita moja shaba imekuwa unga wa kijani. Kata mpaka ufikie shaba inayong'aa. Kusafisha ethi ni kufungua, kusugua kwa msasa pande zote mbili mpaka chuma king'ae, kukaza, kisha ndipo kupaka grisi kwa juu.

## Hatua ya pili: tega taa kwenye dashibodi

Gari likikata ukiwa barabarani huna muda wa kufungua boneti na kutafuta mita. Kipimo kiwe kimeshawekwa.

Kwa gari linalozima lenyewe, tega balbu mbili ndogo za wati 5. Ya kwanza ichukue umeme kwenye waya wa pampu ya mafuta, mwishoni kabisa, kwenye soketi ya pampu (mara nyingi iko chini ya kiti cha nyuma). Ya pili ichukue kwenye waya chanya unaolisha koili. Kila tawi liwe na fyuzi ndogo ya ampea 3 pale linapoanzia, ili waya ukichubuka usiwashe moto. Pitisha nyaya chini ya zulia, zisikae karibu na pedali, na balbu zibandike dashibodini kwa tepu. Zangu niliziandikia P na K.

Hapa kuna mtego ambao nusura uninase. Kwenye Toyota za enzi hizo, kontroli boksi huikatia pampu umeme mara tu injini inapoacha kuzunguka. Kwa hiyo gari likishazima, taa ya P itazima hata kama pampu haina kosa. Usiisome wakati huo. Isome unapozungusha stata, kwa sababu wakati wa kuzungusha pampu lazima ipate umeme. Kwa sababu hiyohiyo, ukiweka ufunguo ON bila kupiga stata na usisikie pampu ikinguruma, usiihukumu. Toyota nyingi za zamani hazinguruma hapo. Honda hunguruma kama sekunde mbili.

Siku ya nne ya kutembea na balbu, barabara ya Mandela, ikazima. Nikapiga stata: K inawaka, P giza. Miezi minne ya kubahatisha ikamalizwa na balbu moja. Cheche zilikuwa na umeme wake, kilichokatika ni njia ya pampu.

## Hatua ya tatu: gawa njia katikati

Ukishajua njia gani, usianze kuifuata kutoka mwisho mmoja. Pima katikati. Kati ya rilei ya pampu na pampu yenyewe, nikahamishia testa kwenye waya unaotoka kwenye rilei. Nikasubiri tena siku mbili mpaka ikazima: pale kulikuwa na umeme, nyuma hakuna. Nusu ya mbele ikaondoka kwenye mashaka. Kilichobaki ni waya mmoja unaopita chini ya dashibodi, kando ya mlango, mpaka nyuma.

Nikafungua plastiki ya chini ya usukani. Kulikuwa na kisanduku cheusi cha alamu, kilichofungwa na aliyelimiliki gari kabla yangu. Alamu za namna hiyo huwa na rilei ya kukata pampu au cheche ili mwizi asiondoke na gari, na aliyeifunga alikuwa ameukata waya wa pampu na kuuunga na waya za alamu kwa kuusokota tu, akazungushia tepu. Gundi ya tepu ilikuwa imeyeyuka kama asali. Chini yake shaba ilikuwa nyeusi, na nilipoibana kwa vidole injini ikiwaka niliondoa mkono haraka: ilikuwa inaunguza. Kiungo kibovu kina ukinzani, ukinzani unazaa joto, joto linazidi kukichakaza kiungo, na jua la Dar likiongezwa juu yake ndiyo hadithi yangu yote ya saa nane mchana.

Tangu hapo, gari la zamani likinijia na ubovu usioeleweka, naanza kwa kuuliza ni nini kiliongezwa: alamu, redio, kifaa cha kufuatilia gari, taa za ukungu, honi ya fujo. Nyaya za kiwandani huishi miaka mingi. Za kuongezwa ndizo hufa kwanza.

## Kulilazimisha gari likose

Si lazima usubiri siku nne kama mimi. Injini ikiwaka au kifaa kikifanya kazi, na mita au balbu ikiwa imetegwa, sumbua kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Tikisa. Shika fungu la nyaya na ulitikise taratibu, sentimita kumi kumi, ukitazama balbu. Vuta kila waya nyuma ya soketi yake kwa vidole: waya mzima hunyooka ukiwa mgumu, uliokatikia ndani hurefuka kama mpira. Gonga rilei na sensa kwa mpini wa bisibisi, si kwa nyundo.

Pasha. Elekeza mashine ya kukaushia nywele kwenye rilei au ignita unayoishuku, dakika tatu hadi tano, lakini kaa mbali na mabomba ya mafuta. Injini ikizima, chukua mfuko wa plastiki wenye barafu, uufunge vizuri, uulaze juu ya kile kifaa peke yake. Ikirudi kuwaka huku injini nzima bado ni ya moto, umepata.

Lowesha. Jioni yenye giza, pulizia maji kama ukungu kwenye waya za plagi na kofia ya disitributa injini ikiwaka. Utaona vicheche vya bluu vikiruka kama vimulimuli. Usizishike waya hizo kwa mkono.

## Mahali ninapopachungulia kabla ya kwingine

Mpira unaopitisha nyaya kati ya mlango na bodi, hasa mlango wa dereva, unaofunguliwa mara nyingi kuliko yote. Kioo cha umeme au loki ikifanya kazi mlango ukiwa nusu wazi na kugoma ukifungwa, usitoe mota. Vua mpira. Utakuta waya mmoja au miwili imekatika kwa kukunjwa. Mfuniko wa buti una ugonjwa huohuo.

Stata inayotoa mlio mmoja, "tak!", isizunguke, na ukijaribu mara ya pili au ya tano inazunguka. Pima betri wakati wa "tak" hiyo. Ikibaki 12 na kitu, betri haina hatia: ndani ya kichwa cha stata kuna vipande viwili vya shaba vilivyoliwa. Kwenye stata za Denso zilizofungwa kwenye Toyota hili ni jambo la kila siku, na vipande hivyo huuzwa peke yake. Huhitaji stata nzima, ingawa muuzaji atapenda ufikiri hivyo. Volti zikianguka mpaka 8, basi rudi kwenye betri na nyaya zake. Na gari la otomatiki lisipotoa mlio wowote, hamisha gia kutoka P kwenda N ukajaribu. Likiwaka, swichi ya gia imechafuka.

Rilei kuu ya Honda za mwishoni mwa miaka ya 1980 na za 1990. Gari linalala juani, unarudi, linagoma. Ukifungua madirisha likapoa, linawaka. Rilei hiyo inakaa chini ya dashibodi, ndani ya joto la gari lililofungwa. Ifungue ganda lake, angalia upande wa lehemu kwa kioo cha kukuzia: kuzunguka mguu mmoja utaona duara jembamba kama unywele, kijivu ndani ya fedha. Ndipo ilipopasuka. Yeyusha lehemu ya zamani, weka mpya, rudisha.

Fyuzi nazo hudanganya. Uzi wake unaweza kupasuka ukiwa unagusana, ukashika na kuachia. Usiangalie kwa jicho. Gusa pande zote mbili za mgongo wa fyuzi kwa testa. Angalia pia kama meno ya tundu lake yamelegea au plastiki imeungua kahawia. Halafu kuna panya, ambaye akilala kwenye injini ya gari lililosimama wiki mbili huacha kinyesi na nyuzi za shaba zilizo wazi. Ukiona kimoja, tafuta cha pili.

## Fyuzi inayokatika ovyo

Hii ni shoti ya kuja na kupotea, na njia yake ni ya peke yake. Usiweke fyuzi kubwa zaidi. Usiweke karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kama tulivyozoea kuona. Gari huungua hivyo. Chomoa fyuzi, na mahali pake unganisha ile balbu ya wati 21. Shoti ikiwepo, balbu itawaka kwa mwanga wake wote, lakini mkondo hautazidi ampea 2 kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Sasa tikisa, fungua milango, geuza usukani. Pale balbu inapofifia au kuwaka ghafla, mkono wako uko karibu na waya uliochubuka. Zima kwanza vinavyolishwa na fyuzi hiyo, la sivyo balbu itawaka kwa ajili yao.

## Betri inayokufa usiku

Zima gari, chomoa ufunguo, funga kitasa cha mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa. Toa kichwa cha hasi, unganisha mita kwenye tundu la ampea 10 kati ya nguzo na kichwa. Usiwashe gari wala kufungua taa mita ikiwa hapo. Subiri nusu saa mpaka alamu na vinginevyo vilale. Hadi miliampea 50 ni kawaida. Ukisoma 500, yaani nusu ampea, betri ya ampea-saa 60 itabaki nusu ndani ya siku mbili na nusu.

Chomoa fyuzi moja moja mpaka tarakimu ianguke. Isipoanguka kwa fyuzi yoyote, chomoa waya mnene wa altaneta (betri ikiwa imetolewa, kisha rudisha mita): diodi iliyokufa huvuta usiku kucha. Kama uvutaji huja siku moja na kupotea nyingine, mara nyingi ni rilei iliyoganda au taa ya buti isiyozima. Weka simu ndani ya buti ikirekodi video, ufunge, uone.

## Msaada kutoka kwa gari lenyewe

Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kisanduku kidogo chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka ufunguo ON, hesabu taa ya cheki injini inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo sawa, hakuna kilichohifadhiwa. Namba 14 ni ishara ya ignita, 22 sensa ya joto la maji, 41 sensa ya throto (kilango cha hewa kinachofunguliwa na kanyagio la mafuta). Hizo namba zinakuambia njia ipi imekatika. Hazikuambii kwamba kifaa kimekufa, na kwa ubovu wa vipindi mara nyingi ni soketi au waya wake. Kwenye kisanduku hichohicho, +B na FP zikiunganishwa ufunguo ukiwa ON, pampu hunguruma bila injini kuwaka.

## Kuunga na kuhakikisha

Kata sehemu iliyooza, menya, piga lehemu au bana kwa kibanio cha saizi yake, kisha vaa mpira unaosinyaa kwa moto. Kusokota na tepu hapana. Fungu la nyaya lifungwe lisicheze wala lisisugue chuma, na kwenye mlango acha waya mrefu kidogo ili ukunjike bila kuvutwa.

Kisha rudi kwenye daftari na uyarudishe masharti yaleyale. Mimi nilitoa alamu yote, nikauunga waya wa pampu upya, nikasubiri siku yenye jua, nikaenda kusimama kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana, kiyoyozi kimezimwa. P na K niliziacha dashibodini mwezi mzima.